Uyoga wa Mwituni: Chakula na Chumo Lisiloandikwa

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi, nayo yachapwa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Tulipoombwa kuja kusema mbele yenu, bila shaka mlitazamia tuseme juu ya mishahara, au nyumba za watumishi, au posho ya safari, kwa kuwa hayo ndiyo mambo yajazayo kurasa za gazeti letu. Walakini mambo hayo yamekwisha semwa na yatasemwa tena, na wako wenye ulimi mwepesi kuliko wetu. Leo twaomba ruhusa kusema juu ya uyoga. Twasikia wengine wanacheka huko nyuma, wala hatuoni ubaya. Nasi tulicheka wazo hili liliponijia mara ya kwanza kichwani mwetu. Lakini twaomba mtuvumilie, maana katika chumba hiki hamna hata mmoja aliyezaliwa katika nchi ya miombo ambaye hakulishwa uyoga kabla hajajua kushika kalamu. Na tena hamna hata mmoja, sisi tukiwamo, aliyepata kuuandika uyoga huo kwa jina lake katika taarifa yoyote ya chakula, wala ya biashara, wala ya misitu.

Sote twajua ya kwamba Tabora yetu imekaa katikati ya miombo. Msitu huo wa mtundu, muba na jamaa zao waenea hapa Unyamwezi, ukashika Katavi na Rukwa, ukavuka mpaka kuingia Zambia, Malawi, Msumbiji na Katanga, hata ukafika Angola upande wa bahari ya magharibi. Katika nchi hizo zote, zenye makabila mengi na lugha nyingi, mvua zikishika watu huingia mwituni na vikapu. Ndugu zetu wa Burundi huuita uyoga ubwoba, neno ambalo likiandikwa halina tofauti na neno lao la hofu. Na mtaalamu Buyck alipotoa kitabu chake juu ya uyoga uliwao wa magharibi ya Burundi, mwaka 1994, alikipa jina hilo hilo, Ubwoba. Hofu hiyo tutaifikia baadaye, maana ina sababu yake.

Hapa kwetu kazi kubwa ilifanywa na Bibi Marja Härkönen wa Helsinki pamoja na Bwana Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao, ambao walizunguka vijijini na masokoni wakiwauliza wenyeji, na mwaka 2003 wakatoa kitabu kizima juu ya uyoga wa Tanzania. Mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha kitabu cha Bwana Eric Boa kilichokusanya habari za uyoga uliwao wa aina zaidi ya 1,000, kutoka nchi zaidi ya 80. Tena mwaka 2013 Bibi Donatha Tibuhwa, naye wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika juu ya uyoga wa mwituni kuwa ni chakula cha afya kisichotumiwa ipasavyo na ni njia ya kipato kwa watu wa vijijini. Kwa hiyo mabingwa wanalijua jambo hili, na akina mama wanalijua tangu zamani. Walio katikati, wenye kalamu na mihuri, yaani sisi, ndio tusiolijua.

Tuanze na chakula. Uyoga mbichi ni maji karibu yote: katika kila ratili kumi, tisa ni maji. Ndiyo sababu kikapu kilichojaa hadi ukingoni huingia chunguni kikatoka kitoweo cha bakuli moja, na watoto wakadhani mama ameficha kilichobaki. Lakini ukikauka, mambo hubadilika. Waliopima uyoga mkavu wameona ya kwamba katika aina nyingi, sehemu 15 hata 30 katika kila 100 ni protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Mafuta ni machache. Zimo vitamini za jamii ya B, na madini kama potasiamu, fosforasi na chuma. Tena protini ya uyoga ina lisini, ambayo unga wa mahindi una upungufu wake; kwa hiyo ugali na uyoga si chakula cha maskini asiye na nyama tu, bali viwili hivyo vyasaidiana ndani ya mwili.

Hata hivyo mtu asitoke hapa akawaambie watu ya kwamba tumesema uyoga washinda nyama. Hatukusema hivyo. Kuta za uyoga zimejengwa kwa kitu kigumu kiitwacho kitini, ambacho ndicho kifanyacho ganda la panzi na la kaa, na tumbo la binadamu haliwezi kukiyeyusha vema. Sehemu ya kile kinachohesabiwa kuwa protini imefungwa humo na hutoka kama ilivyoingia. Mwenye kuhesabu kwa haki hupunguza. Tena uyoga hauna nguvu nyingi ya kumshibisha mtu afanyaye kazi ya jembe. Ni kitoweo, nao wahitaji ugali chini yake. Karanga zilizotwangwa, ambazo mama zetu huzitia ndani ya uyoga, ndizo ziletazo mafuta yanayokosekana. Hawakusoma hayo katika kitabu.

Liko jambo moja lililotustaajabisha. Katika uyoga mna kitu ambacho kikipigwa na jua hugeuka kuwa vitamini D, ile inayoimarisha mifupa, nayo ni adimu sana katika vyakula visivyo vya wanyama. Basi yule bibi aliyekuwa akianika uyoga juu ya jamvi uani, akitukimbiza sisi na kuku, alikuwa akiongeza thamani ya chakula kila saa jua lilipowaka. Siku hizi wako wanaoukausha juu ya moto ndani ya jiko kwa kuwa mvua haziachi nafasi. Hawana kosa, lakini ikiwa jua lipo, jua ni bora.

Nao wakati wa kupatikana kwake ndio wenye maana kuliko yote. Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba na kukoma Aprili au Mei. Mahindi na mtama wa mwaka uliopita huwa yamekwenda, na yale ya shambani bado ni mabichi. Mwenye ng'ombe hukamua, mwenye mshahara hununua. Asiye na kimoja katika hivyo huingia mwituni. Twawakumbusha mabwana waandikao taarifa za hali ya chakula katika wilaya ya kwamba miezi hiyo hiyo waiitayo miezi ya upungufu ndiyo miezi ya uyoga, na kaya nyingi zinazoonekana katika hesabu kuwa hazina kitu chunguni, chungu chao kimo motoni.

Sasa twaomba kusema neno juu ya adui wetu wa ofisini. Hakuna karani katika chama hiki asiyepata kufungua kabati asubuhi akakuta jalada zima limekuwa udongo. Sisi tulipata kupoteza kwa njia hiyo vitabu vya hesabu vya miaka miwili, tukatakiwa kueleza kwa maandishi, na maelezo yetu hayakumridhisha mkubwa wetu, ambaye alikuwa mgeni katika nchi hii na hakusadiki ya kwamba mdudu mdogo aweza kula vitabu vikubwa namna ile. Mchwa huyo twamlaani kila siku. Lakini sikilizeni kazi yake.

Mchwa wa vichuguu vikubwa hawezi kuyeyusha mti mkavu kwa tumbo lake peke yake. Huutafuna, akaupeleka chini ya ardhi, akaupanga kama sega la nyuki, na juu ya sega hilo huotesha ukungu wake, kama sisi tuoteshavyo mtama. Ukungu hulainisha mabua, vijiti na majani, na pengine vitabu vya hesabu. Kisha mchwa hula ukungu pamoja na sega lililokwisha kulainika. Wataalamu wakadiri ya kwamba mchwa wa Afrika wamekuwa wakulima kwa miaka ipatayo milioni 30. Mvua zinaposhuka vya kutosha, ukungu ule hutoa shina, likapanda taratibu katika udongo mgumu kama saruji, hata likatoboa uso wa kichuguu na kufungua mwavuli juani. Huo ndio uyoga wa kichuguu, mtamu kupita wote kwa maoni yetu, ingawa twajua ya kwamba wako wanachama watakaotupinga. Bwana Roger Heim, Mfaransa, ndiye aliyeipa jamii yake jina la Termitomyces, mwaka 1942, maana yake uyoga wa mchwa. Aina iliyo kubwa kuliko zote ilipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1980 kutokana na uyoga wa Zambia. Kofia yake yaweza kufikia upana wa meta moja, na mmoja tu hulisha nyumba nzima.

Aina nyingine, nazo ni nyingi, hazina shughuli na mchwa. Wenzi wao ni miti. Hapo wamo ule wa manjano wenye harufu tamu, na wengi katika ile myeupe na myekundu ambayo akina mama huokota chini ya mtundu na muba. Uyoga uuonao ni kama tunda tu. Mwili wake wenyewe umo ardhini, ni nyuzi nyembamba kupita unywele, nazo zimeshika ncha za mizizi ya mti. Nyuzi huuletea mti maji na chumvi za udongo kutoka mahali ambapo mizizi isingefika. Mti nao hulipa kwa sukari, iliyotengenezwa majanini kwa nguvu ya jua. Mkataba huu ni wa zamani na kila upande huutimiza. Lakini mti ukikatwa na kisiki kikang'olewa, uyoga huo hufa pamoja nao, wala huwezi kuuhamishia bustanini kwako ukaotesha kama mchicha.

Na hapa tutasema jambo la aibu yetu. Mti tunaoulilia sisi watumishi ni mninga, kwa ajili ya vitanda, makabati na viti vya sebuleni. Msitu ukitajwa, twauliza: mna mninga? Kumbe mninga si mwenzi wa uyoga huu. Mizizi yake ina desturi nyingine. Wenzi wake ni mtundu na muba, miti tuiitayo kuni. Kwa hiyo msitu ulioondolewa mtundu wote na kuachiwa mininga michache huonekana kwetu kuwa msitu mzuri uliotunzwa, na kwa mwanamke mwenye kikapu ni nyumba tupu.

Wazee wa Urambo walisimuliwa na baba zao habari za mpango wa karanga wa Waingereza. Kati ya mwaka 1947 na 1951 mashine zililetwa Kongwa, Urambo na Nachingwea ili kung'oa miti na kupanda karanga, kusudi mafuta ya kula yapatikane Uingereza baada ya vita. Mpango ulivunjika, na fedha zilizopotea zilifika pauni milioni 36 na zaidi. Vitabu vimeandikwa juu ya hasara hiyo, vikataja bei ya matrekta, vipuri, mishahara na reli. Chakula kilichokuwa kikitoka katika misitu ile kabla ya kung'olewa hakikuwekwa katika hesabu, kwa sababu hakikuwa na stakabadhi. Tena hatuna haki ya kuwacheka Waingereza peke yao. Tumbaku ya mvuke, ambayo ni chumo kubwa la mkoa wetu, hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni, na kuni hizo ni mtundu na muba. Kila msimu wa tumbaku huandikwa: kilo ngapi, daraja gani, fedha ngapi. Hatusemi watu waache tumbaku. Wako hapa waliosomeshwa kwa tumbaku, nasi tu miongoni mwao. Twasema tu ya kwamba upande mmoja wa kitabu umejazwa na upande wa pili ni mweupe.

Hapo twafika kwenye biashara. Mtu akisafiri wakati wa mvua kutoka Tabora kwenda Sikonge, au akipita barabara kuu ya Iringa na Mafinga, atawaona akina mama na watoto wamesimama kando ya njia na ndoo na sahani za uyoga. Hawakununua mbegu wala mbolea, hawakukodi shamba. Mtaji wao ni kuamka alfajiri, kikapu, na elimu. Kwa fedha hizo hununua chumvi, sabuni, mafuta ya taa, madaftari ya shule. Na mwanamke asiye na shamba lake mwenyewe, au mjane ambaye shamba limechukuliwa na ndugu wa mume, aweza kuishika fedha hiyo mkononi mwake bila kumwomba mtu. Hilo si jambo dogo katika nyumba.

Shida yake ni saa. Uyoga uliookotwa alfajiri, jioni umeanza kulegea, na kesho yake umeingia funza. Wanunuzi wa kwenye basi wanalijua hilo, na twakiri ya kwamba hata sisi tumewahi kungoja jua lishuke ndipo tukaulize bei. Mama huyo hana njia: auze kwa bei yetu au amwage. Kuukausha kungempa miezi badala ya saa, lakini kukausha kwataka jua, jamvi, na mtu wa kufukuza kuku, naye chumvi aitaka leo.

Katika kituo kimoja tulichotumikia, miaka mingi iliyopita, kabla hazijaja mashine za kutolea stakabadhi, tulikuwa tukiandika ushuru wa soko. Siku moja mtoza ushuru alimleta mezani petu mwanamke mwenye kapu moja la uyoga, akasema amekataa kulipa. Yule mama alisema, "Baba, sikukataa. Huyu anataka kwa kapu hili sawa na yule mwenye gunia la mahindi. Gunia litauzwa hata wiki ijayo. Hili langu likilala, ni takataka." Tulitazama orodha ya ushuru. Mahindi yalikuwamo, mpunga, ndizi, kuku, samaki wakavu. Uyoga haukuwamo. Kwa kuwa haukuwamo, mtoza ushuru alikata mwenyewe kiasi alichopenda, nasi kwa kuwa tulikuwa vijana na tuliogopa kuonekana hatujui kazi, tulimwandikia alichosema mtoza ushuru. Stakabadhi ilikuwa na nafasi ya kutaja bidhaa. Tuliandika: Mengineyo. Ndivyo uyoga ulivyoingia katika hesabu za serikali kwa kalamu yetu, na tangu siku ile hatukumwona tena mama yule sokoni. Alikwenda kuuzia barabarani, ambako hakuna meza.

Sasa tuifikie hofu. Sisi watumishi tuna ajali yetu maalumu katika jambo hili, nayo ni uhamisho. Elimu ya uyoga ni elimu ya mahali. Mama aliyeishi miaka hamsini kando ya msitu mmoja aujua uyoga wa msitu huo kama ajuavyo watoto wake. Mpeleke mbali, kwenye miti mingine, naye ataona nyuso zinazofanana na watoto wake, wala si wao. Sisi twahamishwa kila baada ya miaka michache, na twachukua elimu ya nyumbani pamoja na masanduku.

Tulipohamishwa kwenda kituo cha mashariki, si mbali na bahari, mvua za kwanza zilipopiga tuliona uyoga mweupe mkubwa umeota katika majani mafupi mbele ya nyumba za watumishi. Moyo wetu ulifurahi. Kofia pana, nyeupe, yenye alama za kahawia katikati, sawasawa na uyoga wa kichuguu tulioula utotoni. Jirani yetu, mama wa makamo, alitukuta tukiokota pamoja na watoto, akasema, "Baba, huku kwetu hatuli hivyo." Tulimjibu kwa adabu, lakini moyoni tulisema: watu wa pwani hawajui kitu. Mama wa nyumba yetu naye alisita, akauliza, "Mbona hakuna kichuguu hapa?" Tukamwambia kichuguu huenda kimo chini. Ukapikwa kwa karanga. Tulikula saa moja ya usiku. Kabla ya saa nne nyumba nzima ilikuwa ikitapika na kuharisha, na mtoto wetu wa tatu, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa amelegea hata hakuweza kulia. Yule jirani ndiye aliyetafuta gari. Mtoto alitiwa maji ya mshipani usiku kucha, na alfajiri akafumbua macho akaomba uji. Tulipona sote. Tuliporudi nyumbani tuliutazama uyoga mmoja uliokuwa umebaki kikapuni, umekomaa zaidi ya wenzake. Zile kunjo nyembamba zilizo chini ya kofia zilikuwa zimegeuka rangi ya kijani.

Baadaye tulijifunza jina lake: Chlorophyllum molybdites, mkazi wa viwanja vya majani katika nchi za joto, naye huwapata watu katika nchi nyingi kwa njia hiyo hiyo. Kunjo zake hugeuka kijani akikomaa, lakini akiwa mchanga ni nyeupe, basi rangi haitoshi. Shina lake lina pete, na chini halina mzizi. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu ushukao hata kwenye sega la mchwa. Ndiyo maana mama zetu hawakuuvunja juu juu, walichimba kwa kijiti wakaufuata. Tulikuwa tumeona wakichimba mara mia, na hatukuuliza kwa nini.

Nasi tulikuwa na bahati, maana uyoga ule huumiza haraka. Walio wabaya zaidi hukawia. Katika jamii ile ile ya Amanita, ambayo hutoa mmoja wa uyoga wapendwao sana wa miombo, wamo pia wauao watu kupita wote duniani. Sumu yao haiondolewi kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Mtu hula, akalala vizuri, na dalili huanza baada ya saa 6, au 12, au zaidi. Hutapika siku nzima, kisha hupata nafuu, watu wakashukuru. Kumbe wakati huo ini laharibika, na baada ya siku chache amekwisha. Kwa hiyo aliyekula uyoga akaanza kutapika baada ya saa nyingi apelekwe hospitali upesi, hata akisema amepona, na mabaki ya uyoga yachukuliwe pamoja naye ili mganga ayaone.

Tena twaomba wanachama wasisadiki majaribio yasemwayo mijini: kutia sarafu ya fedha chunguni, au kitunguu, na kutazama kama vitageuka rangi, au kusema uliotafunwa na wadudu hauna sumu, au ule uwezao kumenywa ngozi ni salama. Hayo yote ni uongo, na wako waliozikwa kwa kuyasadiki. Liko jaribio moja tu, nalo ni mtu wa mahali pale pale, aliyeula uyoga ule ule miaka mingi, auangalie kila mmoja kikapuni kwa mkono wake. Asipokuwapo, kula maharage.

Bwana Mwenyekiti, watu wenye elimu hiyo wanazeeka. Binti zao wako shuleni, ambako ni kwema wawe, na wakati wa mvua ndio wakati wa masomo. Msitu unasogea mbali na kijiji, hata aliyekuwa akienda na kurudi kabla ya chai sasa hurudi adhuhuri. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaviruhusu vijiji kutenga misitu yao wenyewe na kuisimamia. Na katika mikutano ya namna hiyo ambayo sisi tumekaa tukiandika kumbukumbu, mbao zilitajwa, mkaa ukatajwa, asali ikatajwa. Akina mama walikaa nyuma. Hakuna aliyewauliza waokota nini humo, nasi tuliokuwa na kalamu hatukuuliza.

Kwa hiyo tumeleta daftari. Ni daftari la kawaida la kurasa 96, tulilipigia mistari wenyewe. Safu ya kwanza ni jina la uyoga katika lugha ya mahali. Ya pili, waota wapi, kichuguuni au chini ya mti gani. Ya tatu, mwezi. Ya nne, wapikwaje, na kama maji ya kwanza humwagwa. Ya tano, wauzwa au hauuzwi. Ya sita, uyoga gani mbaya ufananao nao. Ya saba, jina la mama aliyetufundisha, ikiwa ameridhia kutajwa. Twaomba kila mwanachama aliye wilayani aulize, aandike kwa hati isomekayo, na alete mkutano ujao. Lisitumiwe na mtu yeyote kuokotea. Ni kumbukumbu, wala si kibali. Na mabwana wa masoko waliomo humu, twawaomba faraghani watazame orodha zao za ushuru, waone kama uyoga umo, na kama haumo, aliye na kapu moja atozwe nini.

Kurasa mbili za kwanza tumekwisha zijaza kwa msaada wa mama wa nyumba yetu na dada yake. Ukurasa wa tatu una uyoga mmoja tu, yule mweupe wa kunjo za kijani, na katika safu ya saba tumeliandika jina la yule jirani wa pwani, kwa ruhusa yake. Daftari liko mezani kwa Bwana Mwandishi, na kalamu imefungwa kwa uzi.